Mashapo kwenye divai ya mizabibu mizee

SWALI: Papa, nina mgahawa mdogo hapa Lubumbashi. Mteja amekataa chupa ya divai nyekundu ya Cinsault, aina ya zabibu, kutoka Swartland, Afrika Kusini, kwa sababu chini kuna uchafu mwekundu. Lebo inasema ni ya mizabibu mizee, na nimeinunua ghali. Nizirudishe zote kwa muuzaji?

JIBU: Hapana Mama, ngoja kwanza. Hayo ni mashapo: rangi na tanini (zile zinazoleta ukakasi) za maganda ya zabibu hushikana polepole na kuzama, wakati mwingine pamoja na fuwele za asidi ya zabibu yenyewe. Hayamdhuru mtu. Familia zinazotengeneza divai kidogo mara nyingi huichuja kidogo tu, zisije zikaipunguzia ladha. Isimamishe chupa tangu jana yake, mimina taratibu, na mashapo yakifika shingoni acha.

Mimi naogopa joto zaidi. Lori linaloileta linaweza kusimama mpakani Kasumbalesa juani siku kadhaa, na mwezi wa kumi unaujua wewe mwenyewe. Divai ikipata moto hutanuka na kusukuma kizibo. Kwa hiyo kagua kila chupa: kizibo kimejitokeza? Shingo ina michirizi ya kuvuja? Fungua moja kati ya hizo unuse. Ikinuka siki, au matunda yaliyochemshwa kama jamu, hizo ndizo za kurudisha. Zilizo nzima zilaze kwenye chumba chenye giza, mbali na jiko. Friji usiitegemee, shirika la umeme SNEL likikata umeme joto linapanda na kushuka, na hilo nalo huiumiza divai.

Kuhusu bei, maneno ya lebo peke yake hayatoshi. Hata Ufaransa, sheria haisemi «Vieilles Vignes», yaani mizabibu mizee, ni ya miaka mingapi. Afrika Kusini wana Old Vine Project, wanaotoa muhuri kwa divai ya mizabibu ya miaka 35 na zaidi, ukiwa na mwaka iliyopandwa. Mzabibu wa umri huo huzaa mashada machache. Mkulima anayeuza kwa kilo huona hasara, ndiyo maana wengi waliing'oa. Waliovumilia wakaitunza nawaheshimu sana, na bei hiyo wanastahili.

Cinsault ni nyepesi, kwa hiyo ipoze kidogo, kama digrii 15. Muhuri ukiwepo, mwonyeshe mteja ule mwaka kabla hujammiminia.