Nazi ya rangi kwenye keki: achana na unga wa kuchotwa kwa kijiko

Swali: Ninaoka keki nyumbani, Umoja, na kuuza. Nimepata oda ya keki ya uwanja wa mpira kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto, na mamake anataka nyasi za nazi ya kijani. Nikitia rangi ya maji, nazi inashikana mabonge, rangi inapauka, na kesho yake krimu imeshaingia ukijani. Sasa muuzaji mmoja mjini ameniuzia unga wa rangi kwa kijiko, hauna kopo wala karatasi. Anasema ni mkali kuliko wa dukani na waokaji wengi wanautumia. Nimeujaribu, umekolea ajabu. Niendelee nao?

Jibu: Usiendelee, dada yangu, na hiyo nazi uliyoijaribia itupe. Nitaurudia huo unga. Kwanza tumalize nazi, maana shida yako ni ndogo na dawa yake unayo jikoni.

Nazi kavu ya pakiti, karibu theluthi mbili ya uzito wake ni mafuta. Rangi ya maji haipatani na mafuta, kwa hiyo inakaa juu juu, na maji yake ndiyo yanayoshikanisha nazi. Ukiona haijakolea unaongeza matone, kumbe unachoongeza zaidi ni maji. Tumia rangi ya jeli, ile nzito isiyo na maji mengi. Kwa gramu 100 za nazi, chota kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, uikoroge kwa nusu kijiko cha chai cha maji hadi isibaki na chembe. Tia nazi kwenye chombo chenye mfuniko, nyunyizia rangi, tikisa, kisha vaa glavu uisugue kwa vidole. Mwanzoni utaona nyuzi chache zimenyonya rangi yote na nyingine nyeupe pepepe. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuongeza rangi. Wewe endelea kusugua tu, itasambaa. Tone dogo la njano ndani ya kijani litakupa nyasi za kweli. Kijani cha chupa peke yake huelekea samawati.

Itandaze kwenye trei, safu nyembamba, ikauke kabisa. Mwezi wa Julai, Nairobi hii ikishajifunika mawingu, iache usiku kucha au itie kwenye oveni, moto wa chini kabisa, mlango wazi kidogo, ukiigeuza mara kwa mara. Ikianza kuungua, kijani hugeuka matope. Usiamue kama imekolea ingali mbichi, kwa sababu ikikauka hufifia. Na krimu iliyoingia ukijani ni ile ya kupiga, ina maji mengi. Tumia krimu ya siagi, na nazi uinyunyize siku ileile ya kupeleka keki.

Kuna pia wanaotumia machicha yaliyobaki baada ya kukamua tui, wakisifu jinsi yanavyokubali rangi upesi. Yanakubali kwa kuwa mafuta mengi yamekwenda na tui na yenyewe yamelowa. Kesho yake yamechacha, na keki nzima inanuka.

Sasa huo unga. Swali hili naletewa kila mara na waokaji, na kila mara sifa inayotajwa ni moja: umekolea. Kukolea ni kazi ya rangi yoyote. Rangi ya kutia nyuzi za vyondo inakolea. Rangi ya nguo inakolea kuliko zote, kwa sababu imetengenezwa ing'ang'anie uzi hata ukifuliwa. Rodamini B ni rangi ya viwanda vya nguo na karatasi, ya waridi inayovutia mno, na mwaka 2024 jimbo la Tamil Nadu, India, lilipiga marufuku pipi za sukari zinazosokotwa kama pamba baada ya maabara kuikuta ndani yake. Wateja wa pipi hizo ni watoto, kama walivyo wateja wa keki yako.

Kinachoniudhi zaidi ni vipimo vya mitaani. Mmoja anasema weka kwenye glasi ya maji, ikiyeyuka bila kuacha mashapo ni ya chakula. Rangi nyingi za nguo zinayeyuka hivyohivyo. Mwingine anasema onja, kama si chungu ni salama. Mwingine anaapa kwamba oveni inaua sumu. Oveni inaua vijidudu. Haigeuzi rangi ya nguo kuwa chakula. Hakuna kipimo cha jikoni kinachoweza kukuambia rangi ni ya kuliwa, na anayekufundisha kimoja anacheza na tumbo la mtoto wa mtu.

Usidhani vya bei ghali havina mtego huu. Ule unga wa kumeremeta wa dhahabu na fedha, mwingi umeandikwa tu kwamba hauna sumu. Maneno hayo hayasemi kwamba unaliwa, ni wa mapambo yanayobanduliwa kabla ya kukata keki. Mwaka 2018, huko Rhode Island, Marekani, watoto sita walitapika na kuhara baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa aina hiyo. Ulikuwa shaba.

Kinachokulinda ni kopo lenyewe. Liwe na jina la mtengenezaji, tarehe ya kuisha, na rangi zilizotumika zikitajwa kwa jina au nambari, kama E102 ya njano na E133 ya samawati, ambazo kwa pamoja ndizo hutoa kijani kwenye makopo mengi. Likiwa limetengenezwa hapa nchini, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, yenye nambari ya kibali, kisha tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwenda 20023. Utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Isikuhusu tena kwamba "kila mtu anautumia." Mtoto akiugua, atakayeulizwa ni wewe uliyeuza keki, na sheria ya vyakula, Sura ya 254, inakataza kuuza chakula chenye kitu cha kudhuru.

Rudi kwa huyo muuzaji, umwombe akuonyeshe kopo alilochotea. Likiwa na maandishi hayo yote, nunua kopo zima la aina hiyo ambalo halijafunguliwa. Akianza kuzungusha maneno, dai pesa zako, na nyasi za uwanja wako zitoke kwenye jeli.