Mfupa umeunga, umeungwa au umeungana?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia na ninaandaa maelezo ya wanafunzi kuhusu mifupa ya binadamu. Niliandika: "Mfupa uliovunjika umeungwa baada ya wiki nane." Mwenzangu akafuta akaandika "umeunga". Mhariri naye akaweka "umeungana". Ipi ndiyo sahihi? Na je, niendelee kuandika kwamba gegedu ni "mfupa laini unaogeuka kuwa mfupa mgumu"?

JIBU: Kwa sentensi hiyo mwenzako ndiye aliyepatia: mfupa uliovunjika *umeunga*. "Umeungwa" na "umeungana" ni Kiswahili safi, na yote mawili yana nafasi katika somo hilohilo la mifupa, ila nafasi yao si hapo. Kinachoyatenganisha ni viambishi vidogo, -w- na -an-, lakini vinabeba habari nzito: nani amefanya kazi, na kazi hiyo imefanyika kati ya vitu vingapi.

Tuanze na -w-. Mwanafunzi akisoma "mfupa umeungwa", sarufi yenyewe inamsukuma aulize: umeungwa na nani? Jibu la kibaiolojia ni kwamba hakuna aliyeuunga. Mfupa unapovunjika, damu huvuja na kuganda kati ya ncha mbili ndani ya saa chache. Seli huingia kwenye donge hilo, husafisha mabaki, na katika wiki mbili tatu za mwanzo hujenga daraja laini la nyuzi na gegedu (tishu nyumbufu kama ile ya sikioni) kuzunguka pengo. Hapo ndipo watu husema mfupa "umeanza kushika", na wako sahihi kabisa. Kisha seli zinazoitwa osteoblasti huweka mfupa mchanga, ambao nyuzi zake bado zimesukwa ovyoovyo, na chumvi za kalsiamu na fosfeti huugandisha. Kwa mtu mzima hatua hii mara nyingi huchukua takriban wiki 6 hadi 12. Baada ya hapo osteoklasti, yaani seli zinazobomoa mfupa, hushirikiana na osteoblasti kuchonga uvimbe uliojengeka hapo penye mvunjiko hadi mfupa ukaribie umbo lake la awali. Uchongaji huo huendelea kwa miezi mingi, hata miaka.

Daktari, katika hadithi hii yote, ana kazi mbili: kulinganisha ncha na kuzizuia zisihame. Ndiyo maana ya plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo, na ndiyo maana ya banzi. Haviungi mfupa. Vinaushikilia mahali pake wakati wenyewe unaunga.

Najua pingamizi litakalotolewa: *unga* ni kitenzi elekezi. Fundi huunga waya, huunga bomba. Lazima pawepo kitu kinachoungwa. Ni kweli, lakini Kiswahili kina vitenzi elekezi kadhaa ambavyo hukubali kusimama bila yambwa, yaani kitu kinachotendwa, pale jambo linapotokea kutoka ndani ya kitu chenyewe. Twasema gundi imeshika, saruji imeshika, kidonda kimefunga. Hatuulizi kidonda kimefunga nini. "Mfupa umeunga" ni wa ukoo huo, na wazungumzaji wamekuwa wakiusema hivyo bila kusubiri ruhusa ya vitabu.

"Kuungwa" libaki pale ambapo kweli kuna mkono wa mtu. Hata hapo, kwa upasuaji ningependelea *kuunganishwa*, kwa sababu kinachoelezwa ni vipande kadhaa kuwekwa pamoja kwa kifaa. Soma sentensi hii: "Vipande viliunganishwa kwa chuma na skrubu siku hiyohiyo, lakini mfupa uliunga baada ya miezi minne." Vitenzi viwili vya mzizi mmoja vinataja matukio mawili yaliyopishana kwa miezi minne. Ukiandika "umeungwa" mara zote mbili, mwanafunzi ataamini kwamba aliyetoka chumba cha upasuaji amepona, na anaweza kuukanyagia mguu. Kuna mgonjwa anayekanyaga mapema hivyo akapinda chuma au akavunja skrubu, kwani chuma hakikuwekwa kubeba uzito wote wa mwili peke yake, na kikitumiwa hivyo siku baada ya siku huchoka.

Sasa -an-. *Kuungana* kunataka pande mbili au zaidi. Kwa hiyo "mfupa umeungana" unaacha sikio likisubiri: umeungana na nini? Mhariri wako angeweza kuinusuru sentensi kwa kubadili kiima: "vipande vya mfupa vimeungana". Vipande huungana, mfupa huunga.

Mahali ambapo "kuungana" kunang'aa ni kwenye ukuaji. Mtoto huzaliwa na mifupa takriban 270 hadi 300, kutegemea unavyohesabu, na mtu mzima wa kawaida ana 206. Vitabu vingi huandika kwamba mifupa "hupungua", na neno hilo linapotosha vibaya. Hakuna mfupa unaopotea. *Huungana.* Kila upande wa nyonga huanza ukiwa mifupa mitatu, ambayo hukutana kwenye kikombe kinachopokea kichwa cha mfupa wa paja, na huungana hapo katika miaka ya kubalehe. Pingili tano za chini ya kiuno huungana kuwa mfupa mmoja wenye umbo la pembetatu, na kazi hiyo huweza kuendelea hadi katikati ya miaka ya ishirini. Chini yake kuna kifandugu, kilichotokana na pingili ndogo, kwa kawaida nne.

Kwenye fuvu pana kitenzi cha tatu, nacho ni *kufunga*. Utosi wa mtoto ni uwazi, si mfupa, kwa hiyo hauungi wala hauungani. Hufunga. Wa nyuma hufunga mapema, kwa kawaida katika miezi miwili mitatu ya mwanzo. Wa mbele mara nyingi kati ya miezi 12 na 18. Mifupa inayouzunguka ndiyo inayokuja kuungana baadaye sana, kwenye mishono ya fuvu.

Niseme jambo kuhusu ukanushi, kwa sababu hapa ndipo lugha inapoweza kumwokoa au kumtisha mgonjwa. Kiswahili kina *haujaunga* na *haukuunga*, na hayo si maneno yanayobadilishana. Kiambishi -ja- huacha mlango wazi: bado, lakini kazi inaendelea. "Haukuunga" hufunga mlango: muda wake ulipita, ikashindikana. Madaktari wa mifupa nao wana hali mbili tofauti hapa, kuchelewa kuunga na kushindwa kuunga. Kipimo kinachotumiwa sana kwa hali ya pili ni miezi 9 tangu kuvunjika, huku picha za eksirei za miezi 3 ya mwisho zikiwa hazionyeshi maendeleo yoyote. Mgonjwa wa wiki ya kumi akiambiwa "mfupa haukuunga" wakati ukweli ni "haujaunga", amehukumiwa kabla ya kesi. Anayefasiri majibu ya picha kwa Kiswahili aipime silabi hiyo moja kwa uangalifu uleule anaopimia kiasi cha dawa.

Sababu za kuchelewa au kushindwa zinajulikana: ncha zinazotikisika kupita kiasi, pengo kubwa au nyama iliyoingia katikati, maambukizi, uvutaji wa sigara, na damu isiyofika vizuri. Mfano wa hili la mwisho ni mmoja wa mifupa midogo ya kifundo cha mkono, ulio upande wa kidole gumba. Damu yake nyingi huingilia upande mmoja tu, hivyo ukivunjika katikati, kipande cha upande wa pili huweza kukosa damu na kufa.

Kuna pia mfupa uliounga lakini si sawasawa. Huo *umeunga vibaya*, au *umeunga kombo* ukiwa umepinda. Usiandike "haukuunga vizuri", kwani msomaji hatajua kama haukuunga kabisa au uliunga kwa kasoro. Tiba za hali hizo mbili ni tofauti: wa kwanza unahitaji kusaidiwa uunge, wa pili huenda ukahitaji kukatwa na kunyooshwa upya.

Na tafadhali mwangalie mpiga chapa. "Mfupa *umeungua*" ni mfupa ulioteketea kwa moto.

Kuhusu gegedu, ningefuta maelezo yote mawili. Kwanza, gegedu si mfupa laini. Mfupa una mishipa ya damu tele na una uboho ndani yake, ambao wengine huuita uloto. Karibu theluthi mbili ya uzito wake ni madini, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni na maji. Madini huupa ugumu, kolajeni huuzuia usivunjike kama kigae. Ukiloweka mfupa mdogo wa kuku katika siki kwa siku kadhaa, asidi huyeyusha madini nao hupindika bila kukatika. *Huo* ndio unaostahili kuitwa mfupa laini! Gegedu ni kitu kingine: halina mishipa ya damu, seli zake hulishwa na majimaji yanayopenya polepole, na ndiyo sababu likichanika hupona kwa shida, wakati mfupa huunga.

Pili, "hugeuka kuwa mfupa" hufanya ionekane kama maji yanavyoganda kuwa barafu, kitu kilekile katika hali nyingine. Sivyo inavyokuwa, angalau kwa sehemu kubwa. Karibu na mwisho wa mfupa mrefu wa mtoto kuna bamba la gegedu. Seli zake hugawanyika na kujipanga safu kama sarafu zilizorundikwa. Za upande wa shina la mfupa hutanuka, mazingira yake hujaa chumvi za kalsiamu, mishipa ya damu hupenya, sehemu ya gegedu humomonyolewa, na osteoblasti huweka mfupa juu ya mabaki. Kiswahili sahihi ni: "mfupa *huchukua nafasi* ya gegedu." Bamba lenyewe husukumwa mbele na ukuaji wake, na mfupa *hurefuka*. *Kunenepa* ni kazi nyingine, inayofanyika kwenye utando unaofunika mfupa: osteoblasti huongeza tabaka kwa nje, osteoklasti humeng'enya kwa ndani, na tundu la uboho hupanuka. Ukiandika "mfupa huongezeka" umezifunika kazi hizi mbili kwa blanketi moja, na mwanafunzi hatajua kwa nini mtu mzima hawezi kurefuka ilhali mifupa yake inaweza kunenepa kwa mazoezi.

Bamba hilo hufunga, kwa wasichana wengi kati ya miaka 14 na 16, kwa wavulana miaka miwili hivi baadaye, na hapo kichwa cha mfupa na shina lake huungana. Ncha ya mtulinga iliyo karibu na kidari ndiyo huchelewa kuliko zote, hadi miaka ya ishirini na kitu. Kabla ya hapo, kwa kuwa gegedu halina kalsiamu ya kutosha kuzuia miale, kwenye picha ya eksirei bamba huonekana kama mstari mweusi. Asiyezoea huandika "mfupa una ufa". Aliyezoea hulinganisha na mguu au mkono wa pili.

Turudi kwenye "wiki nane" zako. Sentensi ina kasoro ambayo si ya sarufi: haitaji mfupa gani, wala wa nani. Kidole cha mkono huweza kushika kwa wiki 3 hadi 4 hivi, mtulinga wa mtu mzima wiki 6 hadi 12, na mfupa mkubwa wa muundi mara nyingi wiki 12 hadi 16 au zaidi. Mifupa ya watoto huunga haraka zaidi. Kwa kuwa unaeleza kanuni badala ya kisa cha mtu mmoja, tumia *hu-* ya mazoea: "Mtulinga wa mtu mzima ukivunjika huunga kwa wiki 6 hadi 12."

Utahitaji pia nomino kwa kichwa cha sura. "Uungaji wa mfupa" humrudisha yule mtendaji tuliyemtoa mlangoni, maana *uungaji* ni kazi ya anayeunga kitu. "Muungano wa mifupa" unafaa kwa nyonga na pingili. "Kiungo" kimeshajaa: ni mahali mifupa miwili inapokutana, ni mkono au mguu mzima, ni moyo na figo, ni bizari vilevile. Andika tu *kuunga kwa mfupa*.