Hita Hutangulia Kusema: Namna ya Kutambua Wota Pampu Inayoanza Kufa

Mwezi wa Juni jijini Mbeya, anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi huwasha hita ya gari kabla ya kufikiria jambo lingine lolote. Kwa muda wa wiki mbili hivi, hita ya Toyota Noah yangu ilikuwa ikitoa hewa ya moto nikiwa mwendoni, kisha ikapoa kila niliposimama kwenye foleni ya Kabwe au Mwanjelwa; nikikanyaga mafuta kidogo, joto lilirudi. Sindano ya geji ya joto ilikuwa imetulia katikati, nami nikajiambia kuwa hita imezeeka. Kosa hilo lilinigharimu fedha nyingi, na ndilo linalonifanya niandike.

Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, nayo hupashwa na maji yaleyale yanayozungushwa ndani ya injini na wota pampu. Impela ya pampu, yaani gurudumu la mapanga linalosukuma maji, ikilika, au ikianza kuteleza kwenye mhimili wake, bado inaweza kusukuma maji ya kutosha injini inapozunguka kwa kasi, lakini injini inaponguruma taratibu bila kukanyagwa, nguvu hiyo haitoshi kuyafikisha kwenye hita. Dalili hii huonekana pia maji yakiwa yamepungua au hewa ikiwa imenasa ndani ya mfumo. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu pampu, fungua kifuniko cha rejeta asubuhi injini ikiwa baridi kabisa na uhakikishe kuwa maji yamejaa. Usikifungue injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka kiasi gani, kwa sababu maji yaliyobanwa yatakurukia usoni.

Baridi ya nyanda zetu huficha ugonjwa huu. Hewa ya Mbeya inapoza rejeta vizuri kiasi kwamba hata pampu dhaifu hujikimu katika safari za mjini. Mambo yalibadilika nilipokwenda Iringa nikiwa na abiria na mizigo: tuliteremka hadi kwenye joto la Chimala na Igawa mchana, na tulipoanza kupanda kuelekea Makambako, gari lilichemsha. Nilirudi Mbeya kwa kusimama mara nyingi, na gereji niliyoiendea ikahukumu papo hapo kuwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya ikafungwa. Niliposafiri tena, gari lilichemsha kwenye mpando uleule.

Safari hii nilivutwa hadi Makambako, kwa fundi mmoja mtu mzima. Nilimwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho bila kugusa spana, kisha akaniuliza swali moja: "Hita yako ikoje asubuhi, mwanangu?" Nilipomweleza, alisema kuwa ataanza na pampu.

Aliacha injini ipoe, akafungua kifuniko, akaiwasha na kusubiri themostati, kile kilango kinachoruhusu maji kupita kwenye rejeta yakishapata joto, ifunguke. Injini inayozungusha maji vizuri huonyesha mkondo ulio wazi kwenye mdomo wa rejeta mtu anapokanyaga mafuta. Kwangu maji yalitikisika tu. Aliangalia pia kama kuna mapovu yanayotoka mfululizo, maana hayo, pamoja na moshi mweupe usiokoma na oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, ndiyo dalili za gasketi iliyoungua. Hayakuwapo. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa wa moto sana, wa chini ukiwa vuguvugu. Hali hiyo peke yake haitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa themostati iliyoganda au rejeta iliyoziba huweza kuleta jambo lilelile. Akaitoa themostati na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa. Nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, nayo ilifunguka bila shida.

Naomba wenye magari waione tofauti hapa, kwa sababu mafundi wengi hutupa themostati wakidhani wanasaidia injini, kumbe wanaificha dalili na kuiacha injini ikifanya kazi bila kufikia joto lake. Feni mbovu nayo ina tabia yake: gari huchemsha kwenye foleni na kupoa likipata kasi. Pampu dhaifu hudhihirika zaidi mlimani, injini inapobeba mzigo.

Ubovu wa beringi ya pampu na sili yake, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje, huonekana kwa njia nyingine. Chini ya mhimili wa pampu kuna tundu dogo la kuvujia. Ukiona maji au ukoko mkavu wenye rangi ya kulanti (maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kutu) hapo, sili imekwisha. Kwa injini kama 1NZ ya Probox, ambayo pampu yake huzungushwa na mkanda wa nje, legeza mkanda, shika puli na uitikise. Ikicheza au kukwaruza, beringi imekufa. Injini yangu ya 3S huzungusha pampu kwa mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna cha kutikisa mpaka kava lifunguliwe.

Pampu ilipotoka, mapanga ya impela yalikuwa yamelika kwa kutu hadi kubaki vipande. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiongeza maji matupu, na kifuniko cha rejeta kilikuwa kimelegea. Katika mwinuko wa Mbeya, wa mita 1,700 hivi, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Kifuniko kizima chenye shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba huyazuia yasichemke hadi karibu nyuzi 115. Kikilegea, vipovu vya mvuke hujitengeneza mbele ya impela, na vikipasuka huula uso wa chuma. Kulanti na kifuniko vingenigharimu sehemu ndogo tu ya nilicholipia hedi.

Tulibadilisha pampu, kifuniko na mkanda wa taimingi kwa pamoja, kwa kuwa gharama ya kufungua ni ileile, tukajaza kulanti hita ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho ili hewa itoke. Nililala Makambako. Alfajiri, umande ukiwa umetanda kwenye vioo, niliwasha injini, nikaipa muda ipate joto, nikaiacha ingurume taratibu kwa robo saa mkono wangu ukiwa mbele ya tundu la hita. Hewa ilibaki ya moto muda wote.