Mtoto akijikunja-kunja anapoamka, shika simu urekodi

Mwanangu alianza akiwa na miezi mitano. Akitoka usingizini tu, mikono inaruka pembeni, kichwa kinainama, magoti yanapanda tumboni. Sekunde moja au mbili, basi. Anatulia, analia kidogo kama aliyeonewa, halafu inarudi. Tena na tena, mpaka anachoka.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hilo chango, watoto wote wanapitia." Zahanati nayo ikatupa dawa ya tumbo. Siwashangai. Pale mezani mtoto alikuwa ametulia tuli, hana homa, uzito kwenye kadi uko vizuri. Mimi kilichoninyima usingizi ni kwamba alikuwa ameacha kucheka. Unamwita, unamfanyia vituko, anakutazama kama anatazama ukuta.

Ndipo nikarekodi. Daktari wa watoto aliitazama ile video mara mbili, hakuuliza mengi, akaandika fomu ya kipimo cha umeme wa ubongo, kile wanachokiita EEG. Ilikuwa sindromu ya West, aina ya kifafa cha watoto wachanga ambayo mara nyingi huanza kabla ya mwaka mmoja. Jina ni la William James West, daktari Mwingereza aliyeiandikia The Lancet mwaka 1841 kueleza hali ya mtoto wake mwenyewe. Hakuwa na mashine yoyote ya ubongo, alikuwa baba aliyemtazama mwanawe kwa makini.

Sasa utatofautishaje? Kushtuka kwa kawaida kuna sababu: mlango umebamizwa, umemlaza ghafla. Na kwa kawaida kunaisha mtoto akifika miezi minne hadi sita. Chango humliza mtoto mfululizo, wala haliji kwa vipindi vya sekunde. Hiki kifafa huja kwa mikupuo, mshtuko, kimya, mshtuko, hasa akiamka, bila kelele yoyote ya kumshtua. Mtoto akipoteza alichokwisha kukijua, kama kucheka, kushika kitu au kukaza shingo, usingoje tarehe ya kliniki. Dawa zipo, zikiwemo za steroidi kama prednisoloni, na zikianza mapema mtoto ana nafasi nzuri zaidi.

Kurekodi nako kuna namna yake. Washa taa, mfunue shuka, mlaze usimshike, uso na mikono yote vionekane. Acha video iende mpaka mkupuo uishe, na uandike saa. Kisha mtumie baba yake au dada yako, maana simu zetu hizi zinaibiwa kwenye daladala kila siku.

Degedege kubwa, la mwili mzima, ni jambo jingine. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, na hayo mambo ya kumfukiza moshi yaacheni kabisa. Likizidi dakika tano, au likija na homa, ni hospitali moja kwa moja. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Utosi uliovimba akiwa ametulia, au mtoto anayelala hata kunyonya hataki, navyo ni vya kukimbizwa usiku huohuo.

Kuna dalili za polepole ambazo watu huzichekea. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, macho yakiwa kama yanazama chini: omba wakipime kwa futi kila kliniki. Na mtoto wa miezi saba anayetumia mkono mmoja tu, mwingine kaukunja ngumi, usifurahi kwamba ana shoto. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hutumia mikono yote miwili.

Ukifika mapokezi, usiseme "mtoto analia sana," utapangwa foleni ya mafua. Sema: "Mtoto anapata degedege la kujirudia, video ninayo hapa."