Kamera ya getini ilivyogoma kuingia kwenye Wi-Fi

Mwezi uliopita nilimpelekea mama, Tanga, kamera ndogo ya getini. Kazi niliyoipangia dakika kumi ilinila saa tatu.

Taa nyekundu inapepesa, programu kwenye simu inahesabu hadi asilimia mia, kisha inaandika imeshindwa. Nikaingiza neno la siri upya mara nne, herufi moja moja. Nikazima ruta, nikawasha. Mama akasema, "Mwanangu, irudishe tu dukani, wamekupa mbovu." Nilikuwa nishaanza kutafuta risiti.

Kamera ilikuwa nzima. Shida ilikuwa masafa. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, GHz 2.4 na GHz 5, na mara nyingi yote mawili yana jina moja. Simu hukimbilia ya 5 kwa sababu ya kasi. Kamera ndogo, balbu za Wi-Fi na printa nyingi za bei nafuu husikia 2.4 peke yake. Kwa hiyo fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (tazama kibandiko chini ya ruta, anwani huwa imeandikwa pale), uingie kwenye mipangilio ya ruta, kisha uipe GHz 5 jina lake. Mimi niliiita Nyumbani-5. Nikaiweka simu kwenye 2.4, nikajaribu tena, na taa ikageuka bluu palepale. Baadaye simu unaweza kuirudisha kwenye 5. Kamera utaiona vilevile.

Ukiwa humo humo, angalia usalama. Ukikuta WPA3 pekee, yaani aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi, vifaa vingi vitagoma. Chagua WPA2, iliyoitangulia, au ile inayochanganya zote mbili.

Na zima data ya simu, tafadhali. Vifaa vingine hurusha mtandao wao wa muda ili uviunganishe, na mtandao huo hauna intaneti. Simu ikilijua hilo inarudi kwenye bando kimyakimya, nawe unabaki kuulaumu mtambo.

Unganisha kamera kwanza ukiwa karibu na ruta, ndipo ukaifunge mahali pake. Pale getini tulipata mstari mmoja tu wa mawimbi, maana ruta ilikuwa imefichwa nyuma ya TV, na katikati kuna kuta mbili za tofali. Tukaihamishia juu ya kabati, karibu na dirisha la sebule. Mistari mitatu.

Asubuhi yake mama alikuwa jikoni, simu mkononi, anamwambia muuza maziwa apite kabla hajapiga hodi.