Barua kwa mwanangu kuhusu bunduki aliyouliza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, nami sijambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza kama ni busara kununua ile Lee-Enfield No. 4 ambayo mwenzako wa kazini hapo Ohio, Marekani, anataka kukuuzia, iliyotengenezwa Long Branch, Kanada, mwaka 1943, na kama bunduki iliyonizidi umri inaweza kupigwa bila hatari. Umeongeza kwamba unaitaka kwa ajili ya babu yako, aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na kushuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 akiwa na Lee-Enfield begani.

Jibu langu ni kwamba inunue, lakini fedha yako ilipie mtutu na bolti (kile chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu), isilipie hadithi. Bunduki hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na hakuna muuzaji anayeweza kukuambia kwa hakika ya kwako ilipita mikononi mwa nani. Upendo wako kwa babu yako ni wa kweli na unanigusa sana, ila upendo huo usikufanye upuuze chuma kilichochakaa.

Nilipokuwa polisi tulizoea kuiita Mark 4, na kwa miaka kadhaa niliitunza ghalani pamoja na nyingine nyingi, kwa hiyo ninalokueleza nimelishika kwa mikono. Kwanza tazama namba. Moja imepigwa upande wa kushoto, pale kitako cha mbao kinapoingia kwenye chuma, na nyingine iko nyuma ya mkono wa bolti. Zikitofautiana, maana yake bolti hiyo ilitoka kwenye bunduki nyingine, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Risasi yake, iitwayo .303, ina ukingo kwenye kitako chake, na ukingo huo hubanwa kati ya mtutu na kichwa cha bolti. Nafasi hiyo ikizidi, ganda hutanuka na linaweza kukatika ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, gesi ikarudi nyuma kuelekea usoni. Fundi wa bunduki ana geji mbili za kuipima: bolti lazima ifunge juu ya ile ya inchi .064, na lazima ikatae kufunga juu ya ile ya .074. Ikishindwa, si mwisho wa mambo, kwa sababu kichwa cha bolti ya No. 4 hufunguliwa na kubadilishwa, nacho kilitolewa kwa ukubwa wa namba 0 hadi 3. Hata hivyo, usiipige hata risasi moja kabla ya kipimo hicho, hata kama muuzaji anasema yeye ameipiga kwa miaka yote.

Kisha toa bolti, mulika tochi, utazame mtutu kutoka nyuma. Unataka kuona michirizi, ile mifereji inayoizungusha risasi, yenye kingo kali, isiyo na mashimo ya kutu. Usishtuke ukihesabu michirizi miwili tu badala ya mitano, kwa kuwa wakati wa vita mitutu mingi ilikatwa hivyo ili kazi iende haraka, na inapiga vizuri. Mdomoni uangalie kwa makini zaidi. Askari walisafisha kwa kamba iliyofungwa kitambaa, na kamba yenye mchanga ikivutwa upande mmoja kila siku hula chuma mpaka tundu linapoteza uduara wake. Fungua kimlango kilicho kwenye bamba la kitako, huenda ukaikuta kamba yenyewe pamoja na kichupa cha mafuta.

Risasi nunua mpya za kiwandani. Za zamani za kijeshi, hata zikiuzwa rahisi, nyingi zina fataki (kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Nilipokuwa kijana nilirudi jioni kutoka uwanja wa shabaha nimechoka, nikapitisha mafuta tu, nikalala. Asubuhi kitambaa kilitoka na rangi ya matofali. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huiyeyusha. Ukilazimika kuzipiga, mimina birika la maji yanayochemka kutoka upande wa chemba siku hiyo hiyo, ukaushe, ndipo upake mafuta.

Ubaya wa pili wa risasi za zamani ni kuchelewa kulipuka. Siku moja nilivuta kifyatulio nikasikia "ta" peke yake, nikanyoosha mkono kwenye bolti. Mkufunzi wetu aliubana mkono wangu kwa kiganja chake, na kabla sijavuta pumzi ya pili risasi ikatoka. Kwa hiyo bunduki ikikataa kulia, iache imeelekea kwenye shabaha, hesabu polepole hadi sitini, kisha ndipo ufungue.

Unapojaza, hakikisha ukingo wa kila risasi uko mbele ya ule wa risasi iliyo chini yake, la sivyo zitakwama. Kifyatulio kina hatua mbili. Usiogope ulegevu wa kwanza. Kama kilengeo cha nyuma ni kile cha kupindua, kiliwekwa kwa yadi 300 na 600, hivyo ukiwa yadi 100 itapiga juu ya unapolenga, na hilo si kosa lako wala la bunduki. Vaa kinga ya masikio tangu risasi ya kwanza. Unajua jinsi sikio langu la kushoto linavyonisumbua tukizungumza kwa simu.

Kuhusu sheria, kadi yako ya ukaazi inakuruhusu kununua, lakini nakuomba mpitishe mauzo kwa muuzaji mwenye leseni, ujaze Fomu 4473, ile ya serikali ya Marekani ya mnunuzi wa bunduki, na uchunguzwe kama wanunuzi wengine, ijapokuwa mwenzako anasema si lazima. Wewe ni mgeni aliyepewa nafasi, na karatasi hiyo itakulinda.

Kabla hujatoa fedha, nitumie picha ya zile namba mbili na ya mdomo wa mtutu, zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana.

Ni mimi baba yako.