Visawe vya vivumishi vya Kiingereza: shika tofauti kabla ya maana

Anayeanza kujiandaa kwa mtihani wa GRE (wa kuombea masomo ya juu baada ya shahada ya kwanza) au IELTS (wa kupima Kiingereza) kwa kawaida hutafuta orodha ndefu ya maneno, akakesha nayo. Anaandika: "thrifty" bahili, "frugal" bahili, "stingy" bahili, "miserly" bahili. Maneno manne kwa mkupuo mmoja, anaona amepiga hatua. Kumbe hapo ameyachanganya maneno yasiyolingana.

Mtu akikuita "thrifty" amekusifu: unajua kuitunza shilingi yako. "Frugal" nalo halina ubaya, ila linagusa zaidi maisha yasiyo na makuu, ndiyo maana chakula cha kawaida kisicho na mbwembwe huitwa "a frugal meal". Akikuita "stingy" amekusema vibaya, una mkono wa birika. "Miserly" ni zaidi ya hapo: ni yule anayelimbikiza fedha hata yeye mwenyewe asizitumie. Ukimwandikia profesa barua ya kuomba nafasi ya masomo ukajiita "stingy" ukitaka kusema unatumia fedha kwa uangalifu, umejichafua kwa kalamu yako mwenyewe.

Kwa hiyo jifunze maneno kwa ukoo. Kiswahili kinakusaidia, maana unajua tayari kwamba mwembamba, kimbaumbau na gofu la mtu havilingani. Chora mstari daftarini, uyapange maneno kuanzia sifa hadi huruma: "slender", wembamba wa kupendeza, "thin", wembamba tu, "skinny", hapa pana kubeza kidogo, "gaunt", uso umebonyea kwa njaa, maradhi au uchovu, "emaciated", gofu kabisa. Ukoo mmoja uwe na maneno manne au matano, na kwa wiki koo tano zinatosha. Wanaojilazimisha maneno hamsini kwa siku huyapoteza kabla ya Jumapili.

Mrundikano huu wa maneno una historia. Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na Kilatini kikaendelea kuingia kupitia kanisa na wasomi. Ndiyo sababu "kingly" ni la wenyeji, "royal" limetoka Kifaransa na "regal" limetoka Kilatini. Sisi tuna "kwanza" na "awali": twasema mtoto wa kwanza, hatusemi mtoto wa awali. Vivyo hivyo familia ya mfalme ni "royal family", na "regal" hubaki kwa mwendo au sura yenye haiba ya kifalme.

Sasa tuje kwenye "sana", maana hapa wengi huteleza. Tukizoea kusema nimechoka sana, tunaandika "very exhausted". Lakini "exhausted" tayari limebeba "sana" yake tumboni. Fikiria nyeupe pe na nyeusi tii: nani husema nyeupe pe sana? Maneno kama "exhausted", "enormous", "furious" na "freezing" ni ya jamii ya pe na tii. Yakihitaji kukolezwa, chukua "absolutely" au "completely", na "very" uiachie "tired", "big", "angry" na "cold".

Mtego mwingine unatoka kwenye neno letu "maarufu". Kwa Kiswahili jambazi anaweza kuitwa maarufu, na daktari pia. Kwa Kiingereza aliyejulikana kwa ubaya ni "notorious", wa heri ni "renowned" au "eminent". Kuandika "a doctor notorious for her kindness" ni kumtukana mtu uliyetaka kumsifu.

Kila neno lipewe kadi yake yenye mistari minne. Wa kwanza, rangi yake: sifa, kashfa au katikati. Kamusi za Kiingereza za wanafunzi huonyesha jambo hili kwa alama kama "approving", "disapproving" na "formal", zisome, usiziruke. Wa pili, majina linayoandamana nayo: chai ni "strong", injini ni "powerful", mvua ni "heavy". Wa tatu, kihusishi chake, kwani "keen" hufuatwa na "on" na "enthusiastic" hufuatwa na "about". Wa nne, sentensi uliyoitunga wewe, ambayo visawe vingine vya ukoo ule haviingii. Huo mstari wa nne ndio mgumu, na ndio unaofundisha. Ukishindwa kuutunga, bado hujalijua neno.

Kitabu cha visawe weka kando kwa miezi ya mwanzo. Kinafaa kumkumbusha mtu neno alilolijua, lakini hakisemi lipi linatofautiana vipi na jirani yake.

Kwenye GRE kuna swali lenye pengo moja na machaguo sita, unachagua mawili yanayoleta sentensi zenye maana moja. Ukipata moja tu, hupewi alama. Mfano: "Despite her wealth she remained ____, mending old shoes instead of buying new ones." Machaguo: "lavish", "frugal", "elegant", "thrifty", "generous", "miserable". Aliyekariri orodha hukimbilia "lavish" (mwenye kutapanya) na "generous" (mkarimu) kwa sababu anaziona zinafanana, na kweli zinakaribiana, lakini sentensi inazikataa. "Miserable", yaani mwenye huzuni, limewekwa kumnasa anayelichanganya na "miserly". Ziba machaguo kwa mkono, soma sentensi, jaza pengo kwa neno lako la Kiswahili, mathalani "asiyefuja", kisha ndipo ufunue na kutafuta mawili yanayolingana nalo.